Mapitio ya Pili ya Tulizo

Minza Lubango alipoacha kufundisha umeme chuoni ili aanzishe tovuti ya mapitio ya vifaa, wenzake walimwuliza kama ana akili timamu. Mapitio yalikuwa yamejaa kila kona. Mtu akitaka jiko, saa ya mapigo ya moyo au roboti la kufulia, alipata mapitio elfu moja kabla chai yake haijapoa, yote matamu, yote yameandikwa na mashine ambazo hazijawahi kushika jiko wala kuvaa saa. Kila kampuni ilikuwa na mashine zake za kusifia, na kila mashine ilijifanya mtu: mama wa watoto wawili wa Igoma, fundi wa Tabora, mwanafunzi wa Musoma. Watu hawakuziamini. Lakini walizisoma, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusoma.

"Sisi tutashika," Minza alimwambia mdogo wake, Masalu. "Tunanunua dukani kama mtu yeyote. Tunatumia mpaka kitu kituchoshe. Ndipo tunaandika."

"Na nani atajua kwamba ni sisi, si mashine?"

"Watatuona mikono."

Ndiyo maana tovuti wakaiita Shika Uone. Kila mapitio yalianza na video ya mikono: mikono ya Minza yenye makovu ya risasi ya kuchomelea, ikifungua kifaa skrubu moja baada ya nyingine. Walipanga vyumba viwili Mabatini, kimoja cha kazi na kimoja cha Masalu kulala, ghorofa ya pili, juu ya mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikiwaka, meza ilitetemeka na vumbi la unga lilipenya hadi kwenye skrini. Minza alipima, Masalu aliandika. Dada alikuwa na vipimo, mdogo alikuwa na maneno.

Miezi ya mwanzo walisomwa na marafiki na ndugu tu. Kisha Minza akakifungua kifaa kimoja cha kuchuja maji kilichokuwa kwenye nyumba nyingi za jiji, akakuta taa yake ya kijani huwaka hata kukiwa hakuna chujio ndani. Masalu aliandika kisa hicho kwa hasira na mzaha, na kufikia mwisho wa wiki kilikuwa kimesomwa Kigoma, Bukoba na ng'ambo hadi Kisumu. Wasomaji walianza kuomba: pimeni hiki, pimeni kile. Na ombi lililorudiwa kuliko yote lilikuwa moja. Pimeni Tulizo.

Masalu alicheka alipolisoma. Alishika shingo yake kwa nyuma, mahali kilipokaa kidude cha duara kama kifungo cha koti.

"Hiki wala hakihitaji kupimwa," alisema. "Waambie waniangalie mimi."

*

Masalu alizaliwa na selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Kwa watu wenye ugonjwa huo, chembe za damu hujikunja na kukwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama mwili huungua kwa maumivu. Utoto wake wote Minza aliukumbuka kwa sauti: mdogo wake akilia kwanza, kisha akikoroma kama mnyama, kisha akinyamaza kwa sababu nguvu za kulia zimekwisha. Mama yao alimkanda kwa maji ya moto hadi mikono yake ikababuka. Shule aliimaliza kwa kuruka madarasa na kurudi. Kila kazi aliyoipata aliipoteza.

Tulizo kiliyamaliza hayo. Kidude kilisikiliza mishipa ya fahamu shingoni, na taarifa ya maumivu ilipopita kuelekea kwenye ubongo, kilituma mtetemo mdogo wa umeme uliolingana nayo na kuifuta. Mtu hakulewa wala kusinzia. Aliacha tu kuumwa. Kampuni iliyokitengeneza, Faraja Neva, ilikiunganisha kila kidude na mtambo wake mkuu, ili iweze kukirekebisha kwa mbali bila mgonjwa kusafiri.

Masalu alikuwa amekivaa kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo alijifunza kuogelea, akapata mchumba, akaachwa na mchumba, akalia kwa ajili ya mchumba. Alimwambia dada yake kwamba hata kulia huko alikufurahia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alilia kwa sababu wanazolilia watu wengine.

Kwa hiyo walikipima. Minza alinunua cha pili, akakifungua, akapima mitetemo yake kwa majuma kadhaa. Kilifanya kila kilichoahidiwa. Kasoro aliyoipata ilikuwa moja tu, nayo ndogo: betri haikutabirika. Kampuni ilisema inakaa wiki nzima, lakini kwa Masalu wiki nyingine ilikwisha siku ya pili. Wakaiandika kasoro hiyo mwishoni. Mengine yote Masalu aliyaandika kwa moyo wake wote, na hakuna walichowahi kuandika kilichosomwa kama kile. Maduka ya dawa ya Shinyanga yaliishiwa. Watu walituma picha zao wakicheza mpira, wakilima, wakiwa wamebeba watoto mgongoni.

"Tungefanya hili moja tu tukafunga duka," Masalu alisema, "lingetosha."

*

Simu ilipigwa asubuhi moja ya mvua, Minza akiwa peke yake ofisini. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima.

"Mwangaluka. Ni wewe Minza wa Shika Uone?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mama yake Ndalahwa, wa Ngudu. Hunijui. Mwanangu alikuwa na siko seli. Aliyasoma maneno yenu, akanisomea na mimi, tukauza ng'ombe tukanunua hicho kidude."

Minza aliisikia mvua ikipiga bati upande wa pili wa simu pia.

"Jumapili aliamka vizuri," mama aliendelea. "Akala viazi, akamtania dada yake. Lakini nilimwona anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. Nikamwuliza, baba, unaumwa? Akasema, mama, siumwi popote. Akakaa kwenye kiti pale uani. Nilipomfuata na maji alikuwa amekwisha kufa. Uso wake ulikuwa mzuri tu, kama anayesikiliza redio."

"Pole, mama. Pole sana."

"Asante. Daktari ameniambia mapafu yalikuwa yameziba siku nyingi. Akaniuliza, mama, kijana hakulalamika? Sasa na mimi nakuuliza wewe uliyepima. Mlipima nini?"

"Tulipima kama kinaondoa maumivu, mama."

"Na kinaondoa?"

"Kinaondoa."

"Basi mlipima vizuri," mama alisema, na simu ikakatwa.

*

Hakumwambia Masalu siku ile. Alimwambia tu kwamba anataka kurudia suala la betri. Alifunga kipimo chembamba kama uzi kati ya betri na kidude cha Masalu, akakiunganisha na kompyuta, na mstari wa matumizi ya umeme ukawa unatambaa pembeni mwa skrini yake kutwa. Siku nyingi ulilala chini. Kwa Minza maana yake ilikuwa wazi: mwili umetulia, hakuna cha kufuta.

Alhamisi, Masalu akiwa anahariri mapitio ya kiti cha magurudumu huku akiimba chini kwa chini, mstari ulipanda na kubaki juu.

"Unajisikiaje?" Minza aliuliza.

"Njaa. Kwa nini?"

"Lete kidole."

Kipima oksijeni kilionyesha namba ya chini ambayo Minza hakuwahi kuiona kwa mtu aliyekaa wima. Aligusa paji la uso wa mdogo wake, likamchoma kiganja. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Masalu alimtazama kwa mshangao.

"Dada, umebadilika uso. Kuna nini?"

"Simama twende hospitali."

"Lakini siumwi."

"Najua huumwi. Simama twende."

Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole aliyezungumza polepole. Aliwaambia shambulio lilikuwa kubwa, na kama wangechelewa hadi kesho asingependa kusema lingefika wapi. Masalu aliongezewa damu na hewa. Siku ya pili akawaonyesha picha ya nyonga ya kulia ya Masalu. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimemomonyoka kama sabuni iliyoachwa kwenye maji.

"Mtu mwenye nyonga hii hatembei," daktari alisema. "Wewe umekuja unatembea."

"Mwezi uliopita nimecheza harusini," Masalu alisema.

"Naamini. Na ndicho kilichoimaliza."

Ndipo Minza akamsimulia mdogo wake habari za Ndalahwa wa Ngudu, na maana ya mstari ule kwenye skrini. Tulizo hakikuzuia ugonjwa. Chembe ziliendelea kukwama, mifupa iliendelea kufa, mapafu yaliendelea kuziba. Na kidude chenyewe kilijua. Kadiri shambulio lilivyokuwa kubwa ndivyo kilivyotumia umeme mwingi kulifuta. Kilijua, na hakikumwambia aliyekivaa.

*

Aliyempokea Minza ofisini kwa Faraja Neva alikuwa Deodatus Kimaryo, mkuu wa usalama wa vifaa, mwanamume wa makamo mwenye macho yaliyokosa usingizi. Minza alitegemea akane. Hakukana.

"Vidude vya kwanza vilikuwa na taa ya rangi ya chungwa," alisema. "Shambulio likija, taa inawaka. Tulivijaribu kwa watu mia mbili. Unajua walifanya nini? Walikaa kutwa wanaitazama taa. Hawakulala. Wengine waliifunika kwa plasta. Wengi walivua kidude kabisa. Maumivu yaliondoka, ikaingia hofu. Wakubwa wangu wakaamua taa itoke."

"Na wewe?"

"Mimi nilisaini." Alisugua macho. "Bi Minza, najua umekuja kuniambia utaandika. Ngoja nikwambie kitakachotokea ukiandika. Mamlaka ya serikali ya vifaa vya tiba haina utaratibu wa kusubiri. Ikipata ushahidi kama wako, inatuamuru tuzime vyote, kwa amri moja, siku hiyo hiyo. Kurudisha taa ni kibali kipya, na kibali kipya ni mwaka, pengine miwili. Watu elfu themanini watarudi walikotoka kwa dakika moja. Kuna wengine humo maumivu hayajawahi kuwashukia wakiwa watu wazima. Hawana hata mazoea nayo."

"Rudisheni taa kimyakimya. Mnaweza kuvirekebisha kwa mbali."

"Taa ilishatolewa. Haimo ndani. Ulikifungua, umeona."

Aliona. Pale taa ingekaa palikuwa na tundu dogo tupu.

"Unaye mdogo wako," Kimaryo alisema. "Umemsikia akiumwa. Mimi wangu alikuwa mke. Sijui utafanya nini, na sikuombi chochote. Nakueleza tu kile unachokishika."

*

Masalu alitoka hospitali akiwa na magongo mawili aliyoambiwa ayatumie ingawa hakuona sababu. Alimsikiliza dada yake hadi mwisho, akiwa amekaa kwenye kitanda chake, magongo yakiwa sakafuni.

"Usiandike," alisema.

"Masalu."

"Usiandike, dada. Waandikie wenye vidude peke yao. Waambie wapime joto kila asubuhi, wanunue kipima oksijeni, waangalie macho kwenye kioo. Mbona mimi sasa nitafanya hivyo?"

"Wangapi watafanya? Ndalahwa alihema mbele ya mama yake akasema haumwi. Na tukiwaandikia elfu themanini, mamlaka haitasikia?"

"Basi nyamaza kabisa."

"Watakufa."

"Kila mtu atakufa!" Masalu alipaza sauti, na mashine ya chini ikanyamaza kama iliyomsikia. Alishusha pumzi. "Nina miaka thelathini na mbili. Unajua nimeishi mingapi? Miwili. Mingine yote nilikuwa nangoja shambulio liishe, halafu nangoja linalofuata. Ukiniambia nichague, mitano kama hii au ishirini kama ile, sihitaji hata kufikiri."

"Wewe unajua unachochagua. Ndalahwa hakujua. Hakuna aliyempa achague. Sisi tulimwambia hakuna bei, Masalu. Ni mimi na wewe tuliomwambia."

Masalu alitazama magongo.

"Ukiandika," alisema hatimaye, "andika mwenyewe. Maneno yangu sikupi."

Minza hakuwa mwandishi. Alikaa mbele ya skrini siku tatu, akaandika kama alivyokuwa akiandika ripoti za maabara chuoni, sentensi fupi kavu. Aliweka michoro ya umeme, picha ya nyonga bila jina la mwenyewe, kisa cha Ngudu kwa ruhusa ya mama. Alieleza mtu aliyevaa Tulizo apime nini na lini akimbilie hospitali. Mwishoni aliiomba mamlaka isizime vidude bali iwape watu muda, iwaite kliniki, iilazimishe kampuni kurudisha taa. Juu kabisa aliandika kwamba mapitio ya kwanza yalikosea, na kwamba aliyepima ni yeye.

Alimwomba Masalu aende hospitali kabla hajayachapisha, alale huko na dawa zikiwa karibu. Masalu alikataa. Alisema kama ni kurudi atarudi pamoja na wengine, palepale alipo.

Minza aliweka kidole juu ya kitufe. Alimfikiria mdogo wake. Alimfikiria kijana aliyefia kwenye kiti, uso wake umetulia. Kisha akabonyeza.

*

Mamlaka haikutoa muda. Tangazo lilitoka siku ya pili, lenye maneno ya tahadhari na masikitiko, na mchana wake Faraja Neva ilituma amri ya kuzima vidude vyote.

Masalu alikuwa dirishani, amesimama. Alisema, "Oh," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mguu wa kulia ukakataa. Minza alimdaka akiwa nusu njia ya sakafu, na hapo sauti ikaja, ile ya utotoni, ila sasa ilikuwa ya mwanamume. Miaka miwili ya nyonga iliyokufa ilimfikia kwa mara moja. Alimshika dada yake koti akamvuta, akataka kusema kitu, asiweze. Jirani wa chini, mwenye mashine ya kusaga, alipanda akiwa mweupe kwa unga, wakambeba wawili.

Hospitalini vitanda vilijaa kabla ya jua kuzama. Wagonjwa walilazwa wawili wawili, wengine kwenye magodoro varandani. Wauguzi walikimbia na dawa za maumivu mpaka stoo ikabaki na makasha matupu, wakaanza kupiga simu hospitali nyingine, na hospitali nyingine zilikuwa zinawapigia wao. Minza alisimama kwenye ukuta wa varanda. Alizisikia sauti zile zote kwa pamoja. Hakuziba masikio. Aliona hana haki ya kuziba.

Daktari yule mpole alipita mbele yake akiwa na jasho, akasimama.

"Ni wewe uliyeandika," alisema.

"Ni mimi."

"Leo nimewapata kumi na mmoja ambao mapafu yao yalikuwa yanaziba. Wasingefika wiki ijayo." Alitaka kuongeza jambo, lakini mtu alipiga kelele ndani ya wodi, akaondoka.

Ujumbe uliingia tovutini kama maji. Wapo walioshukuru. Wapo waliomlaani yeye na mama aliyemzaa. Kutoka Bariadi walituma habari kwamba mtu mmoja amejiua kwa maumivu, na Minza hakuweza kujua kama ni kweli wala hakuthubutu kuuliza. Mashine za kusifia nazo ziligeuka: maelfu ya akina mama wa Igoma na mafundi wa Tabora wasiokuwapo duniani waliandika kwamba Tulizo kilikuwa salama na Shika Uone imenunuliwa na washindani.

Siku ya nne Masalu aliweza kukaa. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Hakuwa amemsemesha dada yake tangu siku ile zaidi ya kuomba maji. Aliomba simu yake, akasoma ujumbe wa wasomaji kwa muda mrefu, kisha akamgeuzia skrini.

Ujumbe uliokuwapo ulitoka kwa mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Kabula, mshonaji wa Geita. Hakutukana. Aliandika hivi:

"Mimi nilijua. Sikuambiwa na mtu, ila mwili ni wangu, nilijua kwamba unaharibika ndani kwa ndani. Nina watoto watatu na nilitaka wanikumbuke nikicheka. Nilikuwa nimekubali. Umemwokoa asiyejua, hongera. Mimi niliyejua umenifanya nini? Mngeniuliza."

Minza alisoma mara mbili.

"Nimjibu nini?" aliuliza.

"Huna cha kumjibu." Sauti ya Masalu ilikwaruza. "Iweke."

"Wapi?"

"Juu ya mapitio. Kabla ya michoro yako, kabla ya Ngudu. Mtu akifungua ukurasa, amsome yeye kwanza."

"Hakuna atakayetuamini tena, Masalu. Watasema hatujui tunachosema."

"Ulisema watatuona mikono. Na hii nayo ni mikono: tunaonyesha tulichokifanya."

Minza alifungua kompyuta pembeni ya kitanda. Aliyanakili maneno ya Kabula bila kugusa hata nukta, akayapandisha juu kabisa. Chini yake aliacha nafasi ya jibu lake. Aliandika neno, akalifuta. Akaandika jingine. Masalu alikuwa amefumba macho, na Minza akadhani amelala, hadi alipouona mkono wake umeshika chuma cha kitanda na vifundo vimekuwa vyeupe.

"Nimwite nesi?"

"Bado," Masalu alisema kwa meno yaliyofungwa. "Kaa hapa kwanza."

Akakaa.